Kuendesha gari upande wa kulia ukiwa umezoea kushoto: mwongozo kwa anayevuka Rusumo na kwa anayekodi gari ughaibuni

Dereva wa Tanzania, Kenya au Uganda hahitaji kupanda ndege ili akutane na barabara inayomlazimu kuhama upande. Akivuka Rusumo kuingia Rwanda, Kobero kuingia Burundi, Mpondwe kuingia Kongo au Moyale kuingia Ethiopia, anaiacha nchi ambayo magari hupita kushoto na kuingia katika nchi ambayo magari hupita kulia. Madereva wa malori yanayopita Tunduma na Zambia kwenda Lubumbashi hukutana na jambo hilohilo Kasumbalesa. Waingereza waliacha desturi ya kushoto katika makoloni yao, Wabelgiji wakaacha ya kulia Kongo, Rwanda na Burundi, na mipaka ya leo ndiyo inayobeba matokeo yake.

Mwongozo huu unamhusu zaidi mtu anayekwenda Kigali kwa gari lake mwenyewe lenye usukani wa kulia, kwa sababu safari hiyo ina ugumu wake maalumu ambao maelekezo mengi, yanayoandikwa kwa ajili ya watalii wa magari ya kukodi, hayaugusi. Anayekodi gari Muscat au Paris amewekewa sehemu yake mbele.

Jambo moja litangulie. Wengi huiogopa saa ya kwanza baada ya mpaka, na kwa maoni yangu hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Dereva anayeingia upande mpya huwa macho: amezima redio, ameshika usukani kwa mikono miwili, na mbele yake kuna magari mengine yanayomwonyesha njia. Anakosea baadaye, pengine siku ya tatu au ya nne, anapotoka kituo cha mafuta alfajiri, barabara ikiwa tupu, akili ikiwa bado kwenye simu aliyoipokea sasa hivi, na mikono ikifanya ilichokizoea miaka yote. Sweden ilipohamisha magari yake yote kutoka kushoto kwenda kulia, alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, ajali hazikufurika kama ilivyohofiwa. Zilipungua kwanza, kwa kuwa nchi nzima iliendesha kwa hadhari, kisha zikarudi katika kiwango chake kadiri watu walivyozoea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri unaofuata inahusu nyakati za kuanza, yaani kila mara gari linapoondoka mahali lilipokuwa limesimama.

Kabla ya kuvuka

Panga kuvuka asubuhi. Kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200, na dereva aliyeupita Singida, Nzega na Kahama bila kulala vya kutosha hafai kuanza kujifunza upande mpya saa kumi na moja jioni. Lala Benaco au Ngara, uamke na mwanga. Kumbuka pia kwamba saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo giza la Kigali huingia mapema kwa hesabu ya saa ya mkononi: saa kumi na mbili jioni ya kwao jua limekwisha zama au linakaribia kuzama. Anayehesabu kwa saa ya nyumbani na anayehesabu kwa saa ya huko wanaweza kukubaliana kukutana, mmoja akangoja saa nzima, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kutojikuta katika vilima vya Kirehe gizani siku ya kwanza.

Shughulikia vioo vya pembeni. Ukiwa nyumbani, kioo cha kulia ndicho kinachokuonyesha anayetaka kukupita, na kwa kuwa kiko karibu na uso wako kinakuonyesha mengi. Ukivuka, kazi hiyo inahamia kwenye kioo cha kushoto, ambacho kiko mbali nawe na kimezoea kutazamwa wakati wa kupaki tu. Kifungue kidogo kuelekea nje kuliko ulivyozoea, kiasi kwamba ubavu wa gari lako uonekane kwa ukingo mwembamba tu, na ikiwezekana ubandike juu yake kile kioo kidogo cha duara chenye mbinuko ambacho huuzwa madukani kwa bei ndogo. Kioo hicho kidogo kitakuonyesha pikipiki iliyoingia ubavuni, mahali ambapo kioo kikubwa hakifiki na shingo yako haifiki pia, kwa sababu kuna abiria na nguzo ya mlango katikati.

Taa za mbele husahaulika na karibu kila mtu. Taa za gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za kushoto, zikiwa katika mwanga mdogo, hazitupi mwanga sawasawa pande zote. Huuinua kidogo upande wa kushoto ili umulike pembezoni mwa barabara, waendao kwa miguu na alama. Ukivuka, upande wa kushoto ndiko yanakotokea magari yanayokuja, na mwanga huo ulioinuliwa unawapiga madereva wake machoni hata kama hujawasha fulu. Magari mengine ya kisasa yana mahali pa kubadilisha mwelekeo huo. Kitabu cha gari kitakuambia. Kwa mengine kuna vibandiko maalumu vya kuziba sehemu ile ya kioo cha taa, na Waingereza wanaovusha magari yao kwenda Ufaransa huvitumia kama jambo la kawaida. Usipovipata, shusha kiwango cha taa ikiwa gari lako lina kitufe hicho, na uepuke kusafiri usiku. Mtu anayekuwashia na kukuzimia fulu mara kwa mara, nawe umewasha mwanga mdogo, hakuchokozi. Anakuambia kwamba taa zako zinamuumiza.

Kuhusu karatasi, sina mengi: leseni, kadi ya gari, hati ya kusafiria au kitambulisho kinachokubalika, na bima inayovuka mpaka, ambayo kwa Tanzania ni ile Kadi ya Njano ya COMESA inayotolewa na kampuni za bima. Kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe.

Kuvuka na kilomita za mwanzo

Daraja la Rusumo lipo juu ya mto Kagera, karibu na maporomoko, na kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa pamoja na daraja jipya mwaka 2016. Taratibu hufanywa upande wa nchi unayoingia, kwa hiyo utashuka garini, utapanga foleni, utajibu maswali na kugongewa mihuri, kisha utarudi kwenye gari ukiwa na mawazo ya karatasi. Huko ndiko kuanza kwa kwanza. Kabla ya kuwasha gari, kaa nusu dakika, funga mkanda, tazama kioo cha kushoto, na useme kwa sauti, hata kama abiria watacheka: "Kulia. Kona ya kulia fupi, kona ya kushoto ndefu." Wako wanaobandika karatasi yenye mshale kwenye dashibodi, na siwapingi, lakini jicho huizoea karatasi ndani ya siku mbili likaacha kuiona, ilhali sauti inabidi uitoe upya kila mara.

Kisha ungana na magari yanayoondoka. Lori lililopakia, linalopanda taratibu kutoka mpakani, ambalo siku nyingine lingekukera, leo ni mwenzako mwema: lifuate kwa umbali wa kutosha, na uache macho yako yazoee kuona magari yakija kutoka kushoto.

Katika kilomita hizo za mwanzo utagundua kwamba gari lako linataka kuvuka mstari wa katikati. Sababu yake ni nyepesi. Nyumbani, ukikaa kwenye usukani wa kulia, bega lako liko karibu na mstari wa katikati na sehemu kubwa ya gari iko kushoto kwako, upande wa pembezoni. Sasa bega lako hilohilo liko juu ya mtaro, na mwili, ambao haupendi kuwa ukingoni, unakusukuma kushoto polepole hadi matairi ya upande wa abiria yanaukanyaga mstari. Dawa yake ni kuukubali ule ukingo. Chagua alama moja kwenye boneti au chini ya kioo cha mbele inayolingana na ukingo wa lami ukiwa umekaa vizuri katikati ya njia yako, uitumie kwa kilomita kadhaa, na umwombe aliyekaa kushoto akutajie kila unapoukaribia mstari. Baada ya nusu saa hutahitaji alama wala kutajiwa.

Jihadhari na waendesha baiskeli na waendao kwa miguu, ambao katika barabara ya Mashariki ya Rwanda ni wengi, na ambao sasa wako upande wako kabisa, sentimita chache kutoka mlango wako. Hilo lina faida yake: unawaona vizuri kuliko dereva mwenye usukani wa kushoto anavyowaona.

Kulipita gari la mbele

Hapa ndipo gari la usukani wa kulia linapokuwa hasara kamili katika nchi ya kulia, na sioni haya kusema kwamba kanuni bora ya siku ya kwanza ni kutopita chochote kinachotembea. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160, barabara ni ya vilima na kona, mstari usiokatika uko mahali pengi, na kasi inayoruhusiwa nje ya miji haizidi kilomita 80 kwa saa, huku askari na kamera za kasi wakiifuatilia. Tufanye hesabu: ukibaki nyuma ya lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwa umbali wa kilomita 20, utatumia dakika 20, ukilipita na kwenda kilomita 80 kwa saa, utatumia dakika 15. Dakika tano hizo ndizo watu wanazozinunua kwa kuchungulia kipofu nyuma ya tela.

Hata hivyo itafika siku utalazimika kupita, kwa hiyo ni vyema ujue namna. Tatizo ni kwamba umekaa kulia, na lori lililo mbele linaiziba barabara yote ya kushoto ambako magari yatatokea. Dereva asiyejua huikaribia tela, kisha hutoa pua ya gari kushoto ili achungulie. Lakini kwa kuwa yeye amekaa upande wa pili, mpaka jicho lake lione kitu, gari zima limeshaingia katika njia ya wengine. Fanya kinyume chake. Rudi nyuma, uache nafasi kubwa kuliko unayoiacha nyumbani, sekunde nne au tano, kwa sababu kadiri unavyokuwa mbali na kizuizi ndivyo pembe ya kuona kandokando yake inavyofunguka. Halafu tumia kona. Barabara inapopinda kulia, wewe uliyekaa kulia unaweza kuona kupitia ndani ya kona, ubavuni mwa lori, kipande kirefu cha barabara iliyo mbele yake. Hapo unasoma kama kuna gari linalokuja na kama baada ya kona kuna sehemu iliyonyooka. Barabara inapopinda kushoto huoni chochote, na ni bure kujaribu. Hilo itabidi ujifunze upya.

Aliyekaa kiti cha mbele kushoto ni macho yako ya pili, na madereva wa malori wanalijua hilo siku nyingi. Utingo mzuri anayekwenda Kigali au Bujumbura ana kazi zaidi ya kukagua matairi. Lakini mpange maneno kabla ya safari, wala si wakati mko nyuma ya lori. Kanuni ni kwamba abiria anasema anachokiona na hatoi amri. Aseme, "Kuna basi linakuja, kaka," au "Naona hadi kwenye daraja, hakuna kitu," au "Kona, sioni." Asiseme "Pita!" hata siku moja, maana yeye haijui nguvu ya injini yako wala hajui unahitaji mita ngapi, na wewe ukisikia neno hilo mguu wako utakanyaga mafuta kabla akili haijauliza. Ukimya nao usiwe ruhusa. Asipojibu, bado hujaambiwa kitu. Na kama abiria ni mtoto, mzee aliyesinzia au mtu asiyeendesha gari mwenyewe, jihesabu kwamba uko peke yako.

Usishangae ukivuka kwenda Bujumbura, Goma au Bukavu na kukuta magari mengi ya wenyeji yana usukani wa kulia kama lako, yaliyoingia kutoka Japani au kwa njia ya Dubai. Wao wameizoea hali hiyo kwa miaka, na ujasiri wanaouonyesha katika kupitana si kipimo chako.

Kona, njia panda na kipilefti

Ukifika njia panda ya Kayonza, ambako barabara ya kwenda Kagitumba inaelekea kaskazini, wewe unayetoka Rusumo unaelekea kushoto kwenda Rwamagana na Kigali. Hapa ndipo maneno uliyoyasema mpakani yanapata kazi. Kona ya kushoto sasa ndiyo ndefu: inakata njia ya magari yanayokuja, inasubiri nafasi, inakwenda mbele kwanza kisha inapinda, na inaishia upande wa mbali wa barabara unayoiingia. Mazoea yatakuvuta uikate kwa ufupi, uishie upande wa karibu, uso kwa uso na anayetoka huko. Kona ya kulia ndiyo fupi, nayo ina hila yake: ukiiingia kwa upana kama ulivyozoea nyumbani, utatokea kushoto. Kabla ya kuzungusha usukani katika kona yoyote, tafuta kwa macho mahali gari litakapoishia, uitazame sehemu hiyo, na mikono itafuata.

Kwenye kipilefti, kwa mfano kile kilicho karibu na Kigali Convention Centre, magari yanazunguka kinyume cha mishale ya saa. Unaingia kwa kuelekea kulia, unatazama kushoto kwanza kwa sababu ndiko wanakotokea walio ndani, na unatoka kwa kulia. Kichwa kilichozoea kutazama kulia kitageuka kulia, kitaona pametulia, na mguu utaachia breki. Jilazimishe kutazama kushoto, mbele, kisha kushoto tena kabla ya kusogea.

Barabara ya njia mbili zilizotengwa kwa tuta au bustani ndiyo inayowaangusha wengi zaidi, hasa ukitokea barabara ndogo ya pembeni. Mbele yako iko njia ya kwanza, iliyo karibu. Mazoea yanakuambia upinde kushoto uingie humo. Katika nchi ya kulia njia hiyo ya karibu inakwenda kulia, na ukipinda kushoto utakuwa unaendesha kinyume cha magari yote. Kuna dalili za kukuamsha: alama ya duara jekundu lenye mstari mweupe wa mlalo, ambayo maana yake ni kutoingia, alama za barabarani zinazokuonyesha migongo badala ya nyuso, na magari yaliyopakiwa upande wako yakikutazama kwa taa za mbele. Ukiziona mbili kati ya hizo, simama kwenye ukingo wa nje, ulio kushoto kwako, washa taa za dharura, usubiri pawe na usalama, kisha ugeuze. Kurudi nyuma kwa haraka kwa aibu huleta ajali ya pili.

Katika njia panda isiyo na alama yoyote, nchi nyingi za kulia, zikiwemo Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, humpa haki ya kupita anayetokea upande wa kulia, hata kama anatoka katika kichochoro.

Pakitokea la ghafla

Hili ni fupi lakini lisome mara mbili. Dereva wa kushoto anapokutana ghafla na gari uso kwa uso, mikono yake hukwepea kushoto, kwa kuwa huko nyumbani kushoto ndiko kwenye majani na usalama. Katika nchi ya kulia, kushoto ndiko njia ya wanaokuja. Kwa hiyo jizoeze kichwani, ukiwa umetulia, mpangilio mmoja: breki kwanza, kwa nguvu, gari likiwa limenyooka, kisha, kama kuna haja ya kukwepa, kulia. Breki haina upande, na ndiyo inayokupa sekunde ya kufikiri. Ukiwa abiria, rudia mpangilio huo kimoyomoyo kila unapoona lori kubwa linakuja. Unamsaidia mwili wako kujifunza bila kuumia.

Kila unapoanza upya

Narudi katika jambo nililolitanguliza, kwa kuwa linahitaji utaratibu na haliwezi kuachiwa kumbukumbu. Nyakati zinazohitaji tahadhari ni hizi: kutoka kituo cha mafuta, kutoka hotelini asubuhi, baada ya kula, baada ya kugeuza gari, baada ya kusimamishwa na trafiki, baada ya barabara ya njia moja ambako hakukuwa na upande, na baada ya sehemu inayotengenezwa ambako magari yalipitishwa popote. Zote zinafanana katika jambo moja: hakuna gari mbele yako la kukuonyesha njia.

Katika kituo cha mafuta, paki kwa namna ambayo ukiondoka utatoka kwa kona ya kulia, iliyo fupi, hata kama itakulazimu kuzunguka pampu. Usiondoke ukiwa unaongea na simu wala ukiwa unamgombeza mtoto. Sema yale maneno. Kama barabara ni tupu pande zote mbili, usifurahi, subiri kidogo. Gari moja likipita litakuonyesha upande kuliko mshale wowote. Dereva wa pili naye, akipokea usukani, ayaseme maneno hayo hata kama aliyasikia saa moja iliyopita alipokuwa amekaa pembeni, kwa sababu aliyekuwa akiendesha wakati ule si yeye.

Abiria wanaoshuka nao wanahitaji kuangaliwa. Mlango wa kushoto, ambao nyumbani hufunguka kwenye majani, sasa unafunguka katikati ya barabara. Watoto wakae kulia katika kiti cha nyuma, na washukie huko. Kufuli ya watoto ya mlango wa kushoto ifungwe kabla ya mpaka.

Ukikodi gari lenye usukani wa kushoto

Anayetua Muscat kumtembelea shangazi, au Paris kwa kazi, ana shida nyepesi zaidi kwa upande mmoja, kwa kuwa gari limetengenezwa kwa ajili ya barabara ya huko. Kanuni yake ni moja na inatosha: dereva akae karibu na mstari wa katikati, abiria akae karibu na pembezoni. Ukijikuta wewe ndiye uliye karibu na ukingo wa barabara, umeshahama upande.

Mwelekeo wa kupotoka hapa ni kinyume cha ule wa Rusumo. Upana wa gari sasa uko kulia kwako, mahali ambapo hujazoea kuwa na gari, na matokeo yake ni matairi kukwaruza kingo za barabara na kioo cha kulia kugonga magari yaliyopakiwa. Sogea kushoto ndani ya njia yako kuliko mwili unavyotaka.

Pedali ziko vilevile: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Watu huliuliza sana swali hili, na jibu lake linaondoa nusu ya hofu. Gia nazo zina mpangilio uleule, lakini zinabadilishwa kwa mkono wa kulia, na gia ya kwanza, iliyokuwa mbali nawe, sasa iko karibu na goti lako. Chukua gari la otomatiki kama lipo, hata kwa nyongeza ya bei. Mkono wa kushoto utakaokuwa ukigonga mlango ukitafuta gia una kazi nyingine siku hiyo. Ukiwa umezoea gari la Kijapani, indiketa yako iko kulia mwa usukani na waipa kushoto. Katika gari la kukodi zimebadilishana, na utafagia kioo kikavu kila unapotaka kupinda. Haina madhara, ila kumbuka kwamba waliokuwa nyuma yako hawakuona ishara yoyote.

Usiendeshe moja kwa moja kutoka ndege ya usiku. Chukua teksi, lala, urudi kuchukua gari kesho yake, kisha utumie robo saa katika eneo la maegesho ukigeuza, ukirudi nyuma na kupaki. Oman ina vipilefti vikubwa na barabara kuu ambazo kasi inayoruhusiwa hufika kilomita 120 kwa saa. Haipendezi kuanza na yote mawili kwa pamoja. Leseni ya kimataifa ichukuliwe nyumbani kabla ya safari, kwa kuwa hutolewa katika nchi iliyotoa leseni yako ya kawaida. Aendaye Marekani ana msaada wa rangi: mstari wa njano ndio unaotenga magari ya pande mbili zinazopingana, mweupe hutenga yanayokwenda pamoja, kwa hiyo njano ibaki kushoto kwake daima.

Na kabla ya gari ziko nyayo. Mgeni anayetoka hotelini kwa miguu kutafuta maji ya kunywa hana kioo wala abiria wa kumwonya. Atatazama kulia kama alivyofundishwa shuleni, atashuka barabarani, na gari litatokea kushoto. Jizoeze kuvuka kwenye pundamilia na kutazama pande zote mbili kabla ya kushuka, kila barabara, hata ile ya njia moja.

Kurudi

Watu wachache hujiandaa kwa kurudi, kwa kuwa nyumbani ni nyumbani. Lakini dereva aliyekaa Kigali wiki tatu ameanza kuzoea, na Rusumo ya kurudi inamtaka ahame tena, safari hii akiwa amechoka, ana haraka, na hana hofu ya kumweka macho. Ukishagongewa muhuri upande wa Tanzania, ondoa vibandiko kwenye taa, maana sasa zinamulika pungufu pale unapopahitaji. Rudisha kioo cha kushoto mahali pake na ufungue cha kulia. Fungua ile kufuli ya mlango wa watoto na uifunge ya upande wa pili. Kisha badilisha maneno: kushoto fupi, kulia ndefu. Yaseme mpakani, yaseme tena Benaco baada ya chai, na uyaseme Kahama asubuhi unapotoka nyumba ya wageni na barabara bado haina gari.